Anthropolojia Haiishii Kwenye Mila na Desturi

Ukimuuliza mhitimu wa kidato cha sita anthropolojia ni nini, mara nyingi atakujibu kwamba ni somo la mila na desturi za makabila. Jibu hilo lina chanzo chake. Kwa miongo mingi vitabu vilivyoandikwa kuhusu jamii zetu vilikuwa na sura moja ya ndoa, nyingine ya jando na unyago, nyingine ya matambiko, na msomaji aliachwa aamini kuwa nje ya mambo hayo taaluma hii haina la kusema. Dhana hiyo haijabaki madarasani. Imeingia katika wizara na katika mashirika ya maendeleo, na huko ina gharama, kwa sababu mwanaanthropolojia huitwa mradi ukishakwama ili aje aeleze kwa nini wananchi "wanang'ang'ania imani potofu", halafu hushukuriwa na kurudi alikotoka.

Upeo wa anthropolojia ni mpana kuliko hapo, na upana wake una mantiki inayostahili kuelezwa. Anthropolojia humchunguza binadamu katika ukamilifu wake: akiwa kiumbe ambaye mwili wake umebadilika kwa mamilioni ya miaka, akiwa msemaji wa lugha, akiwa mtu anayeacha mabaki ya maisha yake ardhini, na akiwa mwanajamii anayeishi na wenzake kwa kanuni alizofundishwa. Kwa mapokeo yaliyoenea Marekani tangu siku za Franz Boas, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia mwanzoni mwa karne ya 20, nyuso hizo zimezaa matawi manne, yaani anthropolojia ya kibayolojia, akiolojia, anthropolojia ya lugha na anthropolojia ya jamii na utamaduni. Uingereza ilikwenda njia nyingine na kulipa tawi la jamii idara zake zenyewe, na vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, vilivyorithi mfumo wa Kiingereza, vimeifuata njia hiyo kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana mwanafunzi wetu anaweza kusoma ukoo na mahari kwa miaka mitatu bila kuambiwa kwamba fuvu la kale alilolipata mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 ni sehemu ya taaluma hiyohiyo.

Lakini fuvu na mahari vina uhusiano gani hata viwekwe chini ya paa moja? Njia nzuri ya kulijibu swali hili ni kuchukua jambo moja tunalolijua sote na kuona linatufikisha wapi. Mimi nachukua malaria.

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyelelewa nchini Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi hulka ya selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, kutoka kwa mzazi mmoja tu, ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, ilhali yule aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa wenyewe. Allison alikuwa ameona kuwa hulka hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu katika nyanda za juu ambako mbu ni wachache. Miaka minne baadaye mwanaanthropolojia Mmarekani Frank Livingstone aliisogeza hoja mbele kwa kutumia taarifa za Afrika Magharibi. Alieleza kwamba wakulima walipofyeka misitu waliacha madimbwi yanayopigwa na jua, na humo ndimo anamopenda kuzaliana mbu aina ya Anopheles gambiae. Palipokuwa na mashamba na makazi ya kudumu palikuwa na mbu wengi, na penye mbu wengi watoto wenye hulka ya selimundu waliokoka kwa wingi kuliko wenzao. Kilimo, ambacho ni tendo la utamaduni, kiliibadili damu ya wakulima. Hoja hiyo isingeweza kujengwa na mtu anayejua damu peke yake, wala na mtu anayejua historia ya jembe peke yake, na hapo ndipo msomaji anapoanza kuona kwa nini tawi la mwili na tawi la utamaduni yalihitaji kuzungumza.

Tuuache mwili wa kale, tuje kwa mtoto aliye kitandani leo. Katika maeneo mengi ya Tanzania, hususan pwani na katika bonde la Kilombero, mtoto mwenye homa kali anayekakamaa, kugeuza macho na kutokwa povu husemwa kuwa ana degedege. Kwa daktari, hali hiyo aghalabu ni malaria iliyopanda kichwani. Kwa wazazi wengi waliozungumza na watafiti miaka ya 1990 huko Bagamoyo na kwingineko, ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, unaohusishwa na dege au pepo, na uliohitaji kwanza tiba ya asili. Baadhi walimfukiza mtoto kwa moshi wa kinyesi cha tembo. Wengi waliamini kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano kabla ya hapo atakufa.

Mtu mwenye haraka ataliona hili kuwa ni ujinga, ataandaa bango lenye maandishi makubwa, na kuondoka. Mwanaanthropolojia huanza pale ambapo huyo mwenye haraka ameishia. Atakaa kwenye benchi la zahanati na kuona kwamba mama amesema degedege huku muuguzi akiandika malaria kali kwenye daftari, na kwamba tofauti hiyo haitafika wilayani kamwe. Ataona kwamba woga wa sindano una kumbukumbu nyuma yake, kwa kuwa mtoto anayefikishwa akiwa amechelewa huchomwa sindano na kufariki muda mfupi baadaye mbele ya ndugu zake, nao hukumbuka walichokiona. Atauliza nani katika nyumba hiyo ana kauli ya mwisho juu ya mtoto kutoka usiku, fedha ya nauli ipo mikononi mwa nani, bibi alisema nini, na mganga yuko umbali gani ukilinganisha na zahanati. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotabiri kama mtoto atafika hospitali akiwa hai. Utafiti uliofuata katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulionesha kuwa sehemu kubwa ya wazazi waliokabiliwa na degedege waliwapeleka watoto wao kwenye vituo vya afya, jambo linalotukumbusha kwamba fikra za watu hubadilika na kwamba aliyeandika miaka ya 1990 hakuandika tabia ya milele ya watu hao.

Hapo lipo fundisho la kimbinu ambalo kwangu ni kubwa kuliko mgawanyo wa matawi. Kinachoitofautisha anthropolojia ya jamii na sosholojia, ijapokuwa mpaka wenyewe umekuwa ukififia, ni namna ya kukaa na watu. Bronisław Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuuchapisha mwaka 1922, alisisitiza kwamba mtafiti aishi na wenyeji, ajifunze lugha yao, na afuatilie shughuli za kila siku badala ya kumwita mzee barazani na kumhoji kupitia mkalimani. Siri ya njia hiyo ni rahisi: watu husema jambo moja na kutenda jingine, na aghalabu hawadanganyi wanapofanya hivyo. Dodoso litakuambia kuwa familia ina chandarua chenye dawa. Kulala humo ndani, au angalau kufika alfajiri, kutakuambia nani amelala chini yake. Katika fukwe za Ziwa Victoria upande wa Kenya vyandarua vimekutwa vikianikiwa dagaa na kuvuliwa samaki, na anayeishi pale kwa miezi kadhaa haoni jambo la kushangaza, kwa kuwa amekwisha kuona jinsi mlo wa kesho unavyoamuliwa.

Narudi kwenye upeo, kwa sababu kuna eneo jingine ambako kuyatenga matawi kumetuletea mjadala mbovu. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani yetu, ikiwemo Mtwapa, Manda na Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara. Matokeo yalionesha kuwa wengi wao walikuwa na nasaba mchanganyiko, sehemu kubwa ya upande wa kike ikitoka kwa Waafrika na upande wa kiume ukitoka zaidi Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Mara moja wakatokea waliotangaza kuwa sasa imejulikana Waswahili ni Waajemi, na wengine wakajibu kwa hasira kwamba utafiti wote ni hila. Pande zote mbili zilifanya kosa lilelile la kuupa mfupa mamlaka ya kujibu swali ambalo si la mfupa.

Anthropolojia ikitumika kwa ukamilifu wake, picha inakuwa tajiri zaidi. Akiolojia ya mji wa kale wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ilikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa miti tangu karne ya 8, katika makazi ambayo vyombo vyake vya udongo ni vya mapokeo ya Kiafrika. Isimu inakiweka Kiswahili katika kundi la lugha za Kibantu pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na maneno ya Kiarabu na Kiajemi hayajaugusa mhimili wa sarufi yake. Utafiti wa maisha ya jamii unatueleza kuhusu Lamu, ambako familia zenye uwezo zilimpa binti nyumba na mume akahamia kwake, na hiyo inasaidia kueleza jinsi mgeni kutoka ng'ambo alivyoweza kuacha nasaba yake huku watoto wake wakikulia katika lugha ya mama, nyumba ya mama na mtaa wa mama. Uswahili uliendelezwa katika malezi. Vinasaba vinatuambia nani alizaa na nani, na havisemi mtoto aliimbiwa kwa lugha gani.

Nalisema hili nikikumbuka kwamba taaluma yenyewe iliwahi kushiriki kosa la kuipa miili mamlaka hayo. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wapo waliojiita wanaanthropolojia wakazunguka na vyombo vya kupimia mafuvu na pua, wakapanga watu kwa ngazi. Boas na wanafunzi wake walipambana na fikra hizo kutoka ndani. Barani Afrika, hata hivyo, lawama nzito zaidi imehusu dola ya kikoloni. Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanaanthropolojia Gordon Brown na mtawala Bruce Hutt walifanya kazi pamoja kwa makusudi kuona jinsi utafiti utakavyosaidia utawala wa Wahehe, wakachapisha kitabu chao mwaka 1935. Mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard alikwenda kwa Wanuer wa Sudan ya wakati huo kwa ombi la serikali ya kikoloni, iliyokuwa imetoka kupambana nao kwa silaha. Kazi hizo zina maarifa ambayo hadi leo hayana mbadala, lakini swali lililozizaa lilikuwa la mtawala.

Waafrika hawakulikalia kimya jambo hilo. Jomo Kenyatta, aliyesoma kwa Malinowski jijini London, alichapisha mwaka 1938 kitabu chake kuhusu Wagikuyu, akaitumia taaluma kutetea ardhi na heshima ya watu wake. Okot p'Bitek wa Uganda alikwenda Oxford kusoma anthropolojia, akakasirishwa na walimu waliowaita Waafrika washenzi, na kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika ni shtaka lililoandikwa na mtu aliyeijua taaluma kwa ndani. Archie Mafeje, Mwafrika Kusini aliyefundisha Dar es Salaam, alionesha mwaka 1971 kwamba kueleza siasa na migogoro yetu kwa neno kabila ni kuficha mgawanyo wa mali na madaraka uliopo ndani ya kila jamii. Namheshimu sana Mafeje, na hoja yake nairejea kila uchaguzi unapofika na wachambuzi wanaposahau kuuliza nani anamiliki nini. Kwa Kenyatta nina tahadhari. Kitabu chake kiliutetea ukeketaji wa wasichana kama nguzo ya jamii, na sauti za wanawake wa Kigikuyu waliokuwa na mawazo tofauti hazisikiki humo. Mtafiti mzawa anajua mengi ambayo mgeni hatayajua, lakini naye ana upande, umri, jinsia na maslahi, na anapaswa kuyaweka mezani.

Baada ya uhuru vyuo vingi vya Afrika viliiweka anthropolojia chini ya sosholojia, kwa hisia inayoeleweka kwamba taifa jipya lilihitaji maarifa ya viwanda, miji na maendeleo, na kwamba somo la makabila lilikuwa limekwenda na wakoloni. Naelewa uamuzi huo, na nadhani tumeulipia. Tulitupa jina na tukabaki na dhana, kwa maana wazo kwamba utamaduni ni jambo la wanavijiji wasiosoma liliendelea kuishi salama. Hospitali nayo ina utamaduni. Benki ina utamaduni, halikadhalika ofisi ya halmashauri, ambako fomu fulani haisogei mpaka mtu fulani asalimiwe kwa namna fulani. Mwanaanthropolojia anayechunguza kwa nini muuguzi humfokea mjamzito aliyekuja bila vifaa vya kujifungulia yuko katikati ya taaluma yake kama yule anayechunguza matambiko ya mvua, na matokeo yake yanaweza kuwa na faida ya haraka zaidi.

Milipuko ya magonjwa ndiyo iliyoirudisha taaluma hii mezani, na huko mifano miwili inatosha. Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 wakafariki. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett alialikwa na Shirika la Afya Duniani, akafanya kazi na wenyeji, na pamoja nao akabainisha kuwa Waacholi walikuwa na utaratibu wao wa kukabili tauni waliyoiita gemo. Mgonjwa alitengwa katika nyumba yake peke yake. Alihudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona. Nyumba iliwekewa alama ya mabua marefu mawili ili wapita njia wajue. Ngoma zilisimamishwa, watu wakatakiwa kubaki majumbani kwao, aliyepona alisubiri mwezi mzima kabla ya kuchangamana na wengine, na aliyekufa alizikwa pembezoni mwa kijiji. Msomaji aliyepitia miaka ya korona atatambua karibu kila kipengele. Kilichokuwa kikwazo Gulu ni kwamba wataalamu wa nje walikuwa wamekuja wakidhani desturi ni adui, wakati sehemu kubwa ya desturi ilikuwa tayari upande wao.

Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, mambo yalikuwa magumu zaidi. Watu karibu 3,500 waliugua Ebola na zaidi ya 2,200 wakafa, chanjo ikiwa tayari imepatikana, na vituo vya matibabu vya Butembo na Katwa vilishambuliwa. Ripoti za mwanzo zilizungumzia imani na uvumi. Watafiti waliokaa na kusikiliza, katika miji ambako Kiswahili ni lugha ya soko, walirudi na maelezo ya aina nyingine: watu wa eneo la Beni, jimboni humo, walikuwa wakichinjwa na makundi ya waasi kwa miaka bila msaada kuja, na sasa waliona magari mapya, mishahara minono na askari wa ulinzi vikimiminika kwa ajili ya ugonjwa mmoja, huku watoto wao wakiendelea kufa kwa surua na malaria. Walikuwa wanauliza swali la kisiasa kwa akili timamu. Kuliita swali hilo uvumi kulikuwa kukataa kulijibu, na ninaamini kuligharimu maisha.

Nina shaka, kwa hiyo, na mtindo unaokua wa kumpa mwanaanthropolojia wiki mbili za ushauri elekezi, orodha ya maswali iliyoandaliwa Geneva au Dar es Salaam, na gari la kumrudisha hotelini kila jioni. Kazi ya haraka ina nafasi yake wakati wa dharura, hasa ikifanywa na mtu ambaye alikuwa anaijua sehemu hiyo na lugha yake kabla ya dharura kutokea. Huyo mtu hapatikani pasipo vyuo kugharimia utafiti mrefu wakati wa utulivu, na hapo ndipo vyuo vyetu vimelegea. Tasnifu za uzamili na uzamivu kuhusu vijiji vyetu zimeandikwa kwa Kiingereza na zimefungiwa kwenye maktaba ambazo wanavijiji hao hawaingii. Ningependa kila mtafiti anayepewa kibali atakiwe kurudi na kuyasoma matokeo yake kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wanaoweza kusimama na kusema hapa umekosea.

Kazi yenyewe inasubiri. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa majaribio magharibi mwa Kenya mwezi Septemba 2019, kwa ratiba ya dozi nne, ya kwanza mtoto akiwa na miezi 6, ya pili miezi 7, ya tatu miezi 9 na ya mwisho miezi 24. Dozi tatu za kwanza huangukia katika kipindi ambacho mama bado amezoea njia ya kliniki. Ya nne inakuja wakati mtoto anakimbia, anaonekana mzima, kadi imewekwa kabatini, pengine mama ana mimba nyingine au amekwenda kutafuta kazi mjini na mtoto yuko kwa bibi. Maabara imekwisha kufanya sehemu yake. Nani hasa atambeba mtoto huyo siku ya dozi ya nne, kwa nauli ya nani, na kwa kuombwa na nani, ni mambo yanayopaswa kuchunguzwa nyumba kwa nyumba kabla takwimu za wasiofika hazijaandikwa.